Robert Koch: Mjerumani aliyemfuma bakteria wa TB, akidhani habadiliki

Kule Wusi, juu ya Mwatate, kikohozi kina ratiba yake. Wiki ya kwanza ni chai ya tangawizi. Wiki ya pili ni kemisti: msee anaitisha tembe chache za antibayotiki, anameza za siku mbili, akisikia nafuu zilizobaki anazirusha kwa droo. Wiki ya tano jasho la usiku limeanza na suruali inamvuka kiunoni, ndiyo sasa anadandia mat kushuka Voi akapimwe makohozi.

Kile anachotafutiwa pale maabara ni kijidudu ambacho mtu wa kwanza kukionyesha dunia alikuwa daktari mmoja Mjerumani, mzee wa ndevu na miwani, mwenye hasira za karibu. Jina lake Robert Koch. Shuleni ulimpitia kwa mstari mmoja, ukajibu mtihani, ukasahau. Leo tunakupa stori yote.

Na ni stori yenye kejeli ndani yake. Huyu mzee aliwajua bakteria kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Akashikilia kwamba kila aina ina umbo lake na tabia yake, na hapo haitoki. Halafu bakteria watatu aliowachunguza kwa mikono yake mwenyewe, wa kimeta, wa homa ya papasi na wa TB, wakaja kuonyesha mmoja baada ya mwingine kwamba ukiwabana, wanageuka. Mmoja wao bado anatusumbua mpaka leo.

Kijana wa milimani

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba migodi kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Ukitaka picha, fikiria milima yetu ya Taita, baridi ya asubuhi, ukungu, halafu huko chini watu wanachimba mawe. Babake alikuwa afisa wa migodi. Nyumbani walizaliwa watoto 13, kwa hivyo hakukuwa na mambo ya kudekezwa.

Dogo alikuwa mkali kwa vitabu. Inasemekana alijifunza kusoma mwenyewe kwa magazeti akiwa na miaka mitano. Alienda Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza udaktari 1866. Ndoto yake ilikuwa kuzunguka dunia, aone misitu, bahari na wanyama. Lakini 1867 alimuoa Emmy Fraatz, na Emmy hakuwa na habari ya kufuata mume kwa meli. Wakatulia, wakapata binti mmoja, Gertrud.

Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipoanza 1870, Koch alijitolea kama daktari. Shika hapo kidogo, kwa sababu hivyo vita vitarudi kwenye hii stori kwa njia ya beef. 1872 akapata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao sasa uko Poland. Kazi ni ile ile ya daktari wa mashambani popote: kuzalisha, kufunga mifupa, kutia sahihi vyeti vya vifo.

Halafu Emmy akamnunulia zawadi: hadubini. Manze, hiyo zawadi ilimmaliza. Koch akaweka pazia katikati ya chumba chake cha kazi. Upande huu wagonjwa, upande ule panya, vioo na hadubini. Mgonjwa akiwa amekaa benchi, daktari yuko nyuma ya pazia anaangalia damu ya ng'ombe.

Kimeta, na bakteria anayejificha

Wakati huo kimeta kilikuwa kinamaliza mifugo Ulaya. Kitu kimoja kilikuwa kinawachanganya wakulima: unaondoa mizoga, unaacha shamba litulie, miaka inapita, unaleta kondoo wapya, wanakufa tena. Wengi waliamini ni laana ya udongo.

Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaipitisha kwa panya kwa kijiti cha mbao, panya akafa. Kwenye damu akaona vijiti vidogo. Akavifuga kwa maji ya jicho la ng'ombe, akakaa akiangalia saa baada ya saa. Vijiti vikarefuka vikawa nyuzi. Chakula kilipopungua, ndani ya nyuzi vikatokea vidoti vinavyong'aa kama shanga. Akavikausha vile vidoti, akavirudishia chakula, vikafunguka vikawa vijiti tena.

Hizo ndizo spora. Bakteria wa kimeta akiona maisha yamekuwa magumu, hana haja ya kufa. Anajifungia ndani ya gamba gumu, anazima kila kitu, anangoja. Anaweza kungoja kwa udongo miaka mingi. Ndiyo maana mpaka leo mfugaji anaambiwa mzoga wa kimeta usipasuliwe wala kuchinjwa: ukiupasua, bakteria akikutana na hewa anatengeneza spora, na hapo umepanda kimeta kwa boma lako.

Mwaka wa 1876 Koch alibeba panya na vioo vyake mpaka kwa Profesa Ferdinand Cohn huko Breslau, akamwonyesha yote kwa siku tatu. Maprofesa wakabaki midomo wazi. Daktari wa mashambani, bila maabara ya maana, alikuwa amethibitisha kwamba bakteria fulani ndiye analeta ugonjwa fulani. Mwaka uliofuata akachapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera, mtu wa kwanza kufanya hivyo.

Sasa hapa ndipo msimamo wake ulipojengeka. Kulikuwa na wataalamu, kiongozi wao Carl von Nägeli, waliosema bakteria ni kitu kimoja kinachobadilika ovyo: leo anachachusha maziwa, kesho anakuua. Koch na Cohn wakakataa kabisa. Kwao, bakteria wa kimeta anazaa bakteria wa kimeta, kwisha. Na kwa kweli walikuwa sahihi kwa jambo kubwa: wa kimeta hamki asubuhi akawa wa kipindupindu. Bila huo msimamo kusingekuwa na vipimo vya maabara hata kidogo. Shida ni kwamba Koch aliukaza sana. Ile spora ilikuwa bakteria amebadili nguo tu, jeni zake ni zile zile. Mabadiliko yenyewe yalikuwa njiani, na aliyekuja nayo alikuwa adui yake.

Beef ya Koch na Pasteur

Louis Pasteur, Mfaransa, alikuwa staa tayari. Alikuwa amegundua kwamba ukimfuga bakteria wa kimeta kwa joto la digrii 42 hadi 43 kwa wiki kadhaa, anapoteza makali. Bado yuko hai, bado anazaana, lakini kondoo hafi. Na kondoo aliyeonja huyo mnyonge hupata kinga dhidi ya yule mkali. Mei 1881, kijijini Pouilly-le-Fort, Pasteur alifanya maonyesho mbele ya umati: kondoo waliochanjwa walisimama, wasiochanjwa wakaanguka. (Daftari zake zilikuja kuonyesha kwamba chanjo ya siku ile ilidhoofishwa kwa kemikali, na hakuwaambia watu. Ujanja haukuanza jana.)

Koch hakuamini. Alisema mbegu za Pasteur ni chafu, zimechanganyika na bakteria wengine. Septemba 1882 wawili hao wakakutana Geneva kwenye kongamano. Pasteur akasimama kuongea kwa Kifaransa, akataja mkusanyo wa maandishi ya Kijerumani. Koch hakuwa anajua Kifaransa vizuri. Jirani aliyemtafsiria alisikia neno jingine linalofanana nalo, linalomaanisha kiburi cha Kijerumani. Koch akaruka juu kama moto wa petroli. Ukikumbuka vita vya 1870, na jinsi Pasteur alivyorudisha shahada ya heshima aliyopewa na chuo cha Wajerumani, utaelewa kwa nini hakuna aliyeomba radhi.

Lakini kufikia 1884 Koch na wasaidizi wake walikuwa wamerudia jaribio la joto wao wenyewe, wakapata jibu lile lile. Bakteria alikuwa amebadilika kweli. Sababu ilijulikana miaka ya 1980: bakteria wa kimeta hubeba vipande vya ziada vya DNA, na kimoja ndicho chenye maagizo ya kutengeneza sumu. Kwenye lile joto kali, watoto wengine huzaliwa bila kile kipande. Jela ya joto ilizaa kimeta kisicho na meno.

Hata hivyo watu hawa walikuwa na utu wao. Mwaka wa 1883 timu zote mbili zilikuwa Alexandria, Misri, kukimbizana na kipindupindu. Kijana wa Pasteur, Louis Thuillier, akafa kwa ugonjwa huo. Koch alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.

24 Machi 1882

Turudi nyuma miezi michache kabla ya ugomvi wa Geneva. Koch sasa yuko Berlin, ana maabara ya serikali. Wakati huo Ulaya, kwa hesabu yake, mtu 1 kati ya 7 alikuwa anakufa kwa kifua kikuu. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi.

Shida ya bakteria wa TB ni kwamba ana ngozi ya nta, rangi haimshiki, na anakua polepole sana. Bakteria wa tumbo hugawanyika kila dakika 20 akipata chakula. Wa TB huchukua karibu siku nzima. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka akapata inayomshika, halafu akangoja wiki nyingi mbegu zimee. Kwa kawaida mtu angetupa sahani baada ya siku chache.

Maabara yake pia ilipata msaada kutoka jikoni. Gelatini waliyokuwa wanafugia bakteria iliyeyuka kila joto likipanda. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa anatumia agari kugandisha jamu, akashauri waitumie. Mpaka leo maabara zote duniani zinafugia bakteria kwa agari. Jina la huyo mama wachache wanalijua.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 Koch aliwaonyesha wanasayansi wa Berlin yule kijidudu. Stori zinasema chumba kilinyamaza, hakuna hata aliyepiga makofi. Tarehe hiyo ndiyo sasa Siku ya TB Duniani.

Dawa ya siri na binti wa miaka 17

Umaarufu una mitego yake. Agosti 1890, mbele ya kongamano kubwa la madaktari Berlin, Koch alitangaza amepata kitu kinachozuia TB. Alikiita tuberkulini, na alichokuwa amekitengenezea hakukisema. Dunia ikapagawa. Wagonjwa wakajaa kwenye treni za kwenda Berlin, wengine wakifia njiani. Miezi michache baadaye Rudolf Virchow akapasua maiti za waliodungwa, akaonyesha kwamba dawa haikuua bakteria hata kidogo, na wengine iliwaharakishia kifo. Aibu ilikuwa ya kitaifa.

Wakati huo huo alikuwa ameanza uhusiano na Hedwig Freiberg. Aliona picha yake kwenye studio ya mchoraji. Yeye alikuwa na miaka 46 hivi na ni baba wa mtu, binti alikuwa na miaka 17. Hiyo hata leo ingekuwa trending kwa sababu mbaya. Alimdunga hata tuberkulini kujaribu, akimwambia inaweza kumuumiza lakini haitamuua. Emmy akaachwa, na 1893 Koch akamuoa Hedwig. Berlin ikasengenya mpaka ikachoka.

Kitu kimoja kilibaki cha maana: tuberkulini haikutibu, lakini mtu aliyewahi kuambukizwa TB ngozi yake huvimba akidungwa. Ikawa kipimo, na sindano ya aina hiyo bado inatumika.

Dar, Amani, na vibanda vya papasi

Hedwig hakuogopa safari. Ile ndoto ya ujana sasa ikafunguka. 1897 hadi 1898 Koch alikuwa Dar es Salaam na Usambara, akichunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe. Usambara si mbali na sisi: ni mlolongo ule ule wa milima ya kale unaoanzia hapa Taita na kushuka Pare mpaka ndani ya Tanzania.

Mwaka wa 1905 akarudi, na safari hii akakutana na homa ya papasi. Kama una nyanya aliyelala kwa nyumba ya udongo, muulize papasi ni nani. Ni kupe laini anayekaa kwa nyufa za sakafu na kuta, anatoka usiku kunyonya, alfajiri yuko shimoni. Akikuuma unaweza kupata homa kali, kichwa kinapasuka, siku chache unapona kabisa. Unashukuru Mungu. Baada ya wiki moja hivi homa inarudi. Inaondoka. Inarudi tena.

Wengine walikuwa wameshamshtukia huyo kupe. Ross na Milne walikuwa wameripoti kutoka Uganda 1904. Huko Kongo, Mwingereza Joseph Dutton alimchunguza papasi mpaka homa yenyewe ikamshika, akafa Kasongo Februari 1905 akiwa na miaka 30. Bakteria wa homa hiyo anaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Koch yeye alichimbua udongo wa vibanda walimolala wapagazi kwenye njia za misafara, akatoa papasi kwa mamia. Akawapasua, akawapata bakteria waliojinyonga kama skrubu. Akaona pia kitu kibaya zaidi: wamo ndani ya mayai. Mama papasi anawarithisha watoto ugonjwa, kwa hivyo kibanda kinaweza kubaki na sumu hata kama hakijalaliwa na mgonjwa kwa muda. Akaona tena kwamba wenyeji walioumwa tangu utotoni hawakuugua sana kama wageni.

Lakini kwa nini homa inarudi? Hapo Koch hakupata jibu, na jibu lilikuwa kinyume cha alivyoamini. Huyu bakteria ana koti moja analovaa na mengine mengi yamekunjwa kabatini, yaani jeni za koti ambazo hazitumiki. Kila mara, katika maelfu ya watoto, mmoja hukosea akavaa koti jingine. Mwili wako ukijifunza koti la kwanza, askari wa damu wanaua jeshi lote, homa inashuka. Yule mmoja wa koti geni hawamtambui. Anazaana, wiki ijayo umelala tena. Mwaka wa 1982 watafiti wa Marekani walichukua ndugu wa bakteria huyu, bakteria mmoja pekee, wakamtia kwa panya. Ukoo wake ulitoa makoti 24 tofauti.

Desemba ya mwaka huo huo wa 1905 Koch alipokea tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya TB.

Ssese: pale alipoharibu

Mwaka wa 1906 alikuja tena kwa ajili ya malale, ugonjwa wa usingizi uliokuwa umeua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Reli iliyofika ziwani kutoka pwani ilikuwa moja tu, ile ya Mombasa hadi Kisumu, inayopita Voi. Kambi yake kuu ikawa visiwa vya Ssese, Uganda.

Kimelea cha malale si bakteria, lakini mchezo ni ule ule wa makoti. Koch alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Wadudu walitoweka kwa damu, wagonjwa wakaamka, sifa zikaenea. Halafu wadudu wakarudi. Koch akaongeza dozi. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, na macho hayakurudi. Hao walikuwa watu wa visiwani ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali kujaribiwa, na Koch alipendekeza pia wagonjwa watengwe kwenye kambi. Ukimsifu huyu mzee, sifu na hayo ukiyataja.

Wakati huo huo huko Frankfurt, rafiki yake Paul Ehrlich alikuwa anaona kwenye panya kitu cha kutisha: wadudu wa malale wakipewa dawa kidogo kidogo, wanazaa kizazi ambacho dawa haikigusi. Hiyo ilikuwa 1907, kabla penisilini haijaonekana.

Koch alikufa kwa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamewekwa kwenye taasisi yenye jina lake Berlin.

Mashine ya kamari ilivyotoa jibu

Swali likabaki: bakteria akibanwa, anajifunza kukwepa, au kuna waliokuwa tayari wamegeuka kabla ya kubanwa?

Jibu lilikuja 1943 kupitia Salvador Luria, Muitaliano aliyekuwa chuoni Indiana, Marekani. Alikuwa kwa sherehe, akamtazama mwenzake akitumbukiza sarafu kwa mashine ya kamari. Mara nyingi mashine inakula, halafu ghafla inatapika zote. Wewe wa mikeka unaijua hii hisia. Luria akawaza: kama bakteria wanafunzwa na sumu, basi kila chupa ya bakteria itatoa wanusurika karibu sawa. Kama ni bahati iliyotokea mapema, chupa nyingi zitatoka kapa, na chache zitapiga jakpoti. Akajaribu na mwenzake Max Delbrück akapiga hesabu. Ilikuwa jakpoti.

Kwa hivyo dawa haimfundishi bakteria. Kila akijinakili anakosea hapa na pale, na mara moja moja kosa linamfaa. Dawa inachofanya ni kuwaondoa wengine wote na kumwachia huyo shamba zima. Kuna nyongeza moja iliyogunduliwa baadaye: DNA ya bakteria wengi ikiharibiwa, wanawasha mtambo wa dharura unaonakili haraka na vibaya, na makosa yanaongezeka. Dawa nyingine, kama ile siprofloksasini ya kemisti, zinaweza kuuwasha. Msongo hauchagui kosa, lakini unaweza kuongeza idadi ya tiketi.

Sasa rudi kwa yule anayekohoa

Kwenye pafu lenye tundu la TB kunaweza kuwa na bakteria milioni 100 hadi bilioni moja. Takriban mmoja katika milioni tayari haogopi isoniazidi. Takriban mmoja katika milioni 100 haogopi rifampisini. Ukimeza dawa moja peke yake, umewapigia kura. Ukimeza zote pamoja, wa kukwepa zote mbili hupatikana mmoja katika trilioni 100, na hao huna kifuani.

Hili watu walilijua kwa kufa. Uingereza ilipojaribu streptomaisini pekee, wagonjwa 55 walipewa, wakapata nafuu nzuri. Baada ya miaka mitano 32 walikuwa wamekufa. Kati ya 52 ambao hawakupewa, walikufa 35. Karibu sare. Bakteria walikuwa wamegeuka.

Tiba ya dawa nyingi pamoja ikaja, lakini ilikuwa inachukua mwaka mmoja na nusu, na nani atamaliza? Miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yakaonyesha kwamba ukiweka rifampisini ndani, miezi sita inatosha. Dozi ya miezi sita inayomezwa dunia nzima leo ilipimwa kwa mapafu ya watu wetu.

Lakini hiyo miezi sita ina tabu yake. Wiki ya tatu kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, mkojo ni wa rangi ya machungwa, nauli ya kushuka kila mara inauma. Mtu anaacha. Waliobaki kifuani ni wale wabishi, na sasa hawana mshindani. Wakirudi, anayeambukizwa naye kwenye mat au kitandani anaanza na wale wabishi moja kwa moja.

Serikali ilijaribu nguvu. Agosti 2010 huko Kapsabet wagonjwa wa TB walioacha dawa walihukumiwa miezi 8 gerezani, wakatupwa kwa seli zilizojaa. Ukimfungia mtu wa TB kwenye chumba cha watu wengi bila hewa, umemsaidia bakteria. Tarehe 24 Machi 2016, siku ya Koch yenyewe, Mahakama Kuu ikasema kuwafunga hivyo kulikiuka katiba.

Siku hizi ukitoa makohozi, mashine ya GeneXpert haitafuti tu kama TB ipo. Ndani ya saa mbili hivi inaangalia pia ile sehemu ya jeni ambayo ikibadilika rifampisini haifanyi kazi tena. Yaani kipimo cha kisasa kinauliza swali ambalo Koch aliliona halina maana: huyu bado ni yule yule, au ameshageuka?

Jibu linategemea zaidi ya maabara. Linategemea kama kuna mtu wa kumkumbusha mgonjwa tembe za mwezi wa tano, kama kuna nauli, kama jirani hamcheki. Kwa hivyo kama una beste anameza dawa za TB na anakuambia ameshapona, mwambie zile za droo bado zina kazi. Na za kwako za antibayotiki, ulizoacha siku ya pili, usimgawie mtu.